Barua ya wazi kwa mabosi wa vipindi vya michezo redioni: utani wetu mmeugeuza matusi

Kwenu wakurugenzi wa redio, mameneja wa vipindi, wahariri wa michezo, na nyie watangazaji na wachambuzi mnaotuamsha asubuhi na kutulaza usiku,

YAH: KUBISHANA BILA KUVUNJIANA HESHIMA KWENYE VIPINDI VYA MICHEZO

Salaam wakubwa zangu. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni msikilizaji wenu wa siku nyingi, nina saluni ya kiume hapa Morogoro mjini na redio naiwasha kabla hata sijachomeka mashine ya kunyolea, kwa hiyo naomba nisije nikajibiwa kwamba huyu hapendi mpira au huyu kelele zinamchosha, kelele ndo kazi yangu na ndo inaniletea wateja. Barua hii pia haikuanzia hadharani. Nilianza kwa kupiga simu kwenye mojawapo ya redio zenu, jina nalihifadhi, wenyewe wanajijua, dada wa mapokezi akaniambia niandike, nikaandika, nikajibiwa "tumepokea maoni yako tutayafanyia kazi", na wiki hiyohiyo, kipindi kilekile, mchambuzi yuleyule akamwambia mpigaji simu wa Kahama kwamba mama yake alipoteza hela kumsomesha. Studio nzima ikacheka. Kesho yake kile kicheko kimekatwa kimewekwa kwenye promo ya kipindi, kinapigwa kila baada ya taarifa ya habari. Nikatuma ujumbe tena, kimya. Basi ndo nimeona nije huku ambako na wengine watasoma.

Niseme mapema tusipotezeane muda: siombi mpoe. Sitaki kipindi cha michezo kiwe kama matangazo ya vifo ya redio enzi zile, mtu anasoma kwa sauti moja mwanzo mpaka mwisho. Ubishi wa Simba na Yanga una umri kuliko nchi yenyewe, Yanga ni ya 1935, Simba 1936, uhuru umekuja umewakuta wanabishana. Bishaneni mpaka mate yakauke. Ila kubishana na kudhalilishana ni vitu viwili tofauti, na mwenye kuamua leo kitoke kipi hewani ni nyie mlioshika maiki, sio sisi tuliokaa kwenye mabenchi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Swali la kwanza mnalomuuliza mpigaji simu linaharibu kila kitu. Mtu anaingia hewani, salamu haijaisha, "kaka unapiga kutoka wapi?", Kahama, "haya, Simba au Yanga?" Hajasema kitu! Akishajibu tu ameshawekwa kwenye debe lake, kama ni Yanga atakachosema chochote ni "si mmeona, utopolo huyo", kama ni Simba "kolo keshafika". Na akikataa kujibu anaambiwa muoga. Yule wa Kahama, huyohuyo aliyetajiwa mama, alikuwa anaeleza kwa nini beki wa kulia anapitwa kila mechi, anasema sio beki mbovu, winga aliye mbele yake harudi kukaba kwa hiyo beki anabaki mmoja kwa wawili, na akaanza kutaja dakika. Hajafika hata katikati mtangazaji akamkata, "kaka wewe mkeka wako umechanika, kalale" (mkeka ndo tiketi ya kubeti), simu ikakatwa, muziki. Wakati huo kwenye kiti nilikuwa namnyoa mwalimu wa michezo wa sekondari, akanyanyua kichwa mashine ikiwa bado inanguruma akasema jamaa alikuwa sahihi, mimi hiyo ndo nawafundisha vijana wangu. Kwa hiyo mmemfukuza mtu aliyekuja na kitu, nchi nzima imekosa somo, tumebaki na kicheko. Halafu kuna hili jingine, anayekubaliana na mchambuzi anapewa muda anaongea mpaka anaanza kusalimia na shemeji zake, anayepinga anahesabiwa pumzi.

2. Mnabishania vitu ambavyo vimeandikwa na vinasomeka. Hili linaniuma kuliko yote kwa sababu nyie ndo mna uwezo wa kulimaliza. Chukueni Machi 2025. Mechi ya watani ilipangwa tarehe 8, Yanga mwenyeji, usiku wa kuamkia mechi Simba wakasema wamezuiwa kuingia Uwanja wa Mkapa kufanya mazoezi, wakatangaza hawachezi, Bodi ya Ligi ikaahirisha mechi, Yanga nao wakaja juu kwamba wao walikuwa tayari na wanataka pointi zao. Jamani ile ilikuwa kesi ya kanuni kabisa! Kanuni inayompa timu mgeni nafasi ya kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mechi ipo imeandikwa. Maswali ya kweli yalikuwepo na yalikuwa matamu: je mgeni akinyimwa mazoezi anaruhusiwa kugomea mechi? au anacheza halafu analalamika? nani alitakiwa kumfungulia geti, mwenyeji au msimamizi wa kituo? Bodi ina mamlaka ya kuahirisha mechi siku ileile ya mechi, na mashabiki walioshatoka mikoani na tiketi zao mfukoni wanalipwa na nani? Mtu wa Simba mwenye akili angeweza kusimama upande wake akajenga hoja, na wa Yanga hivyohivyo, na sisi tulio katikati tungejifunza kitu.

Mimi nilisikiliza siku ile tangu asubuhi. Nilichosikia ni "waoga", "wahuni", "wamezoea kubebwa", na mchambuzi mmoja anamwambia mwenzake ndani ya studio kwamba akili yake imeishia Jangwani, yaani kwenye makao ya Yanga. Kanuni ikasomwa mara moja tena kwa haraka haraka, katikati ya tangazo na tangazo. Mechi ikaja kuchezwa tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda 2-0, na hapo katikati habari ilifika mpaka CAS, mahakama ya usuluhishi wa michezo kule Uswisi, lakini muulize leo msikilizaji wa kawaida ile kanuni ilisemaje. Hajui. Anachokumbuka ni nani alimwita nani muoga.

Na sio kanuni za ligi tu. Sheria za mpira ziko 17 tu. Kila wiki mnagombana kuhusu goli la kuotea kwa kelele za kubomoa spika, wakati sheria ya 11 inaanza kwa kusema kuwa kwenye nafasi ya kuotea peke yake sio kosa, kosa ni mpaka mchezaji ajihusishe na mchezo. Ukilisema hilo mwanzoni nusu ya ugomvi inakufa, inabaki ile nusu yenye utamu, kwamba je yule alijihusisha au hakujihusisha? Pale ndo pa kubishana sasa! Pale hata watu wawili wenye nia njema wataona tofauti na wote wana sababu.

3. Mnajificha nyuma ya utani. Kila mtu akilalamika jibu ni "kaka huu ni utani wa jadi, kama huuwezi kaangalie kriketi". Sawa, tuongee utani basi, maana sisi wengine tumelelewa nao. Jirani yangu hapa alikuwa Mngoni, alipofariki wakaja Wahehe, watani zake, na mnajua Wangoni na Wahehe babu zao walipigana vita mpaka wakazikana ndo ukazaliwa utani. Jeneza linataka kushushwa, mzee mmoja wa Kihehe akaruka ndani ya kaburi akalala chali kabisa, na suti yake, anasema huyu hazikwi, nilimkopesha kuku mwaka juzi hajanirudishia, na alikuwa mbahili hata chai kwake unakunywa ya rangi. Mjane alikuwa analia akajikuta anacheka na machozi yanatoka. Wafiwa wakachangishana coins, mzee akazihesabu palepale kaburini, akasema zimepungua, akaongezewa, akatoka. Sasa sikilizeni: alivyotoka alivua koti akachukua chepe, na kaburi lile yeye ndo alifukia mpaka mwisho, na kule nyumbani watani ndo walichota maji na kupika.

Huo ndo utani. Una mtu wake maalum, huwezi kwenda kuruka kwenye kaburi la mtu ambaye sio mtani wako, utapigwa. Una mwisho wake, ukishalipwa unanyamaza. Na una deni, aliyekutania leo kesho anakubeba. Mpare na Mchagga wanasemana mchana kutwa kuhusu hela na bado wanaoleana. Nyie mmechukua lile tusi la juu tu mkaacha jembe, maji na kaburi. Mchambuzi anayemwambia kijana wa Kahama kwamba mama yake alipoteza hela, je kijana yule ni mtani wake? Wanajuana? Anaweza na yeye kumrudishia? Hawezi, simu imeshakatwa. Utani wa upande mmoja wenye kitufe cha kumnyamazisha mwenzio mimi siujui, babu zangu hawakunifundisha huo.

Na mashabiki wenyewe bado wanaujua ule wa kweli. Kolo, utopolo, mbumbumbu (na hili la mbumbumbu si lilitoka kwa mwenyekiti wao wenyewe Simba, watani wakaliokota tu!), tunaitana hayo kijiweni kutwa nzima na kahawa mmoja anamlipia mwenzie. Yanga walipowapiga Simba 5-1 Novemba 2023 kuna mteja wangu wa Simba hakuja kunyolewa mpaka nywele zikawa kichaka, alivyokuja tu akakuta watani wamemuwekea viti vitano mlangoni vimepangwa mstari. Akavihesabu, akavikalia kimoja kimoja mpaka cha tano, watu wakaanguka chini kwa kucheka. Hakuna mama wa mtu aliyetajwa.

4. Tuhuma mnazitoa kama pipi. Kusema refa amekosea ni haki ya kila mtu, hata kusema amekosea vibaya na hafai kuchezesha mechi kubwa, semeni. Kusema refa kala hela ni jambo lingine kabisa, hapo umemtuhumu mtu jinai, na kama una ushahidi TAKUKURU, watu wa kuzuia rushwa, wapo na ofisi kila wilaya, na kama huna basi umemchafua mtu mwenye mke na watoto wanaokwenda shule kesho asubuhi. Wachezaji hivyohivyo, akikosa penati tu "kauza mechi". Watangazaji mnasema "ni maoni ya msikilizaji", ila mnayaacha yaelee hewani, hamsemi hapana, hamuulizi "una uhakika gani?", mnaguna tu "mmmh" ile ya kuchochea. Ile "mmmh" tunaielewa sana.

Hapa naomba nieleweke kwa sababu najua kuna wakubwa watasoma hii barua wakafurahi. Mimi sitetei TFF, shirikisho letu la mpira, wala Bodi ya Ligi wala viongozi wa klabu wasisemwe. Wasemwe, tena kwa jina, kwa maamuzi yao, kwa ratiba zinazobadilika kama hali ya hewa ya Uluguru, kwa hela zinavyotumika. Heshima isije ikawa kufuli la kufungia midomo ya watu. Mwaka 2022 TFF walimfungia afisa habari wa klabu kubwa miaka miwili na faini ya milioni 20 kwa maneno aliyomtolea rais wa shirikisho, watu waligawanyika, wengine wakasema safi wengine wakasema adhabu imezidi, na mimi naona ule mgawanyiko ulikuwa wa afya kabisa. Kinachonikera ni kwamba mkubwa akitukanwa kuna kamati inakaa. Mpigaji simu wa Kahama akitukanwa nani anakaa?

5. Wanawake. Hili fupi maana halihitaji maelezo. Dada akichambua mechi, simu ya kwanza ni "kwani huyo amepika?", na mwenyeji wa kipindi anacheka. Akikosea jina la mchezaji inakuwa ushahidi kwamba wanawake hawajui mpira, mwanaume akikosea jina hilohilo ulimi umeteleza. Halafu mnashangaa kwa nini wasichana wanaosoma uandishi wa habari wanakimbia dawati la michezo.

6. Yanatoka redioni yanakuja kutukuta huku. Kwenye saluni yangu kulikuwa na marafiki wawili, mmoja fundi bomba wa Simba, mwingine ana duka la vipuri vya pikipiki, Yanga, hao wametaniana miaka, wanachangiana misiba, wanaitana "mtani" mpaka majina yao halisi wateja wengine hawayajui. Siku moja yuko mmoja kwenye kiti, upande mmoja wa kichwa nimeshamaliza, redio inaongea, mchambuzi anamwambia mwenzie "watu wa timu yenu ni masikini wa akili na mfuko". Mwenye duka akairudia ile sentensi kama ilivyo, kwa sauti ileile ya mchambuzi. Sasa ikatua pabaya, fundi bomba alikuwa anadaiwa pale dukani. Akasimama. Wakashikana mashati kwenye kioo changu, chupa ya spiriti ikamwagika, na yule fundi akatoka akaondoka na nusu kichwa, shuka langu bado limening'inia shingoni, kwenye jua la saa saba, watu wa stendi ya bodaboda wanamuangalia. Mpaka leo hawaongei. Wameshatukanana mangapi kabla ya siku ile na hawakuwahi kukosana, lakini yale yalikuwa maneno yao wenyewe wanayajua kipimo chake, haya yalikuwa ya kuazima.

Mtasema huyo kinyozi analeta kisa cha vichwa viwili. Basi kumbukeni mechi ya watani ya tarehe 1 Oktoba 2016, Tambwe wa Yanga kafunga goli, Simba wanasema kaushika mpira, refa kakubali goli, Mkude wa Simba katolewa kwa kadi nyekundu kwenye malalamiko hayo, na majukwaani watu waking'oa viti vya Uwanja wa Taifa wanavirusha. Kichuya wa Simba akaja kusawazisha kwa kona iliyoingia moja kwa moja, moja moja, ila viti vilishavunjika na serikali ikazifungia timu zote mbili zisiutumie uwanja ule. Sisemi redio ndo iling'oa viti. Nasema watu wanaofundishwa kila siku kwamba anayetofautiana na wewe ni mwizi au mjinga, siku refa akikosea kweli hawana njia nyingine mkononi.

Najua mtakachojibu kwa hiyo nisaidie kukipunguza.

Mtasema "wasikilizaji ndo wanataka hivyo". Wasikilizaji gani? Mliwauliza lini? Mimi redio inalia kwangu siku nzima na nawaona wateja, pakianza matusi watu wanacheka kidogo halafu wanarudi kwenye simu zao, pakija mtu anaeleza kitu kwa utulivu, mchezaji wa zamani anasimulia walivyokuwa wanapanda basi kwenda kucheza Mwanza, saluni inanyamaza mpaka nasikia feni. Kinachowapa nyie raha ni klipu. Klipu ya tusi inasambaa, mdhamini anaiona, na mdhamini mkubwa wa vipindi vingi sasa hivi ni makampuni ya kubeti ambayo hasira ya shabiki kwao ni biashara, mtu akiwa na hasira anaweka mkeka wa kukomoana. Hilo tuliseme tu kama lilivyo.

Mtasema "ni laivu, hatuwezi kumzuia mpigaji simu". Mnaweza. Mitambo ya kuchelewesha matangazo kwa sekunde chache ipo miaka mingi na fundi mitambo wenu ana kidole. Mbona mtu akitaka kutaja jina la kampuni shindani na mdhamini wenu anakatwa kabla hajamaliza herufi?

Mtasema "badilisha stesheni". Nimebadilisha, nikakuta wenzenu wamewaiga. Na masafa hayo sio ya baba wa mtu, ni mali ya umma mmepewa leseni ya kuyatumia.

Na mtasema uhuru wa maoni. Nakubali kwa mikono miwili, ibara ya 18 ya Katiba inasema kila mtu ana uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza, ila ibara mbili tu nyuma yake, ibara ya 16 inasema kila mtu anastahili kuheshimiwa, yeye na familia yake. Aliyeziandika aliziweka kwenye kitabu kimoja. Na yule wa Kahama aliyekatiwa simu, uhuru wake wa maoni ulikuwa wapi siku ile?

Sasa ninachoomba, na naona hakuna hata kimoja kinachohitaji hela nyingi.

Kwanza acheni kuuliza timu kabla ya hoja. Mtu aongee, timu yake akitaka ataitaja. Mimi hapa nimeandika barua nzima hamjui timu yangu na hoja zangu hazijapungua uzito.

Pili mpigaji apewe walau dakika moja nzima bila kukatishwa, anayepinga sawasawa na anayesifu, na mtangazaji kabla ya kumjibu aseme kwanza "kwa hiyo unachosema ni hivi", akubaliwe, ndo ajibu. Hili mtaliona dogo, lijaribuni wiki moja tu. Mtu akishasikia hoja yake imerudiwa vizuri na mpinzani wake, nusu ya hasira inaondoka hata kama mwishoni hawajakubaliana.

Tatu mama wa mtu, mke wa mtu, kabila, dini, ulemavu, na umbo la mtu vitoke kabisa. Andikeni kwenye karatasi bandikeni ukutani studio, mchambuzi akivuka anaonywa hewani palepale na mwenyeji wa kipindi, sio pembeni baada ya kipindi.

Nne tuhuma ya rushwa au ya kuuza mechi isirushwe bila ushahidi, na ikiponyoka aliyetajwa apigiwe simu siku hiyohiyo ajibu kwenye kipindi hichohicho. Sio saa sita usiku.

Tano mtafuteni mwamuzi mstaafu, wamejaa mikoani wanakaa bure, awe na dakika zake baada ya kila mechi kubwa asome sheria inasemaje halafu nyie mbishane kuanzia hapo. Hata akipingwa, apingwe na mtu aliyeshika kitabu.

Sita, na hili ni kwa ile redio niliyoiandikia, ondoeni ile promo na mumuombe radhi yule kijana kwenye kipindi, muda uleule aliotukanwa. Namba yake mnayo, alipiga kwenye simu yenu.

Nasubiri majibu kabla ya mechi ijayo ya watani. Kukiwa kimya nitapeleka malalamiko Baraza la Habari, wana kamati ya maadili inayosuluhisha watu bila kupelekana mahakamani, na ikishindikana huko nitakwenda Kamati ya Maudhui ya TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano. Kusema ukweli huko kwa mwisho sitamani kufika, kipindi kikifungiwa mimi na wateja wangu ndo tunabaki na ukimya na nyie mnajifanya mashujaa mlioonewa. Ndo maana naomba mlimalize wenyewe. Kama kuna meneja anataka tuongee ana kwa ana, aje, saluni iko barabarani haijifichi, kiti kipo na kunyoa nitamnyoa bure, ila abishane na wateja wangu kwa dakika moja moja kama nilivyoomba hapo juu.

Ahsanteni.

Wenu msikilizaji,
Kinyozi, Morogoro mjini

Nakala:
Chama cha Waandishi wa Habari za Michezo Tanzania (TASWA)
Baraza la Habari Tanzania (MCT)
Bodi ya Ligi Kuu
Wateja wangu wote, nakala imebandikwa pembeni ya kioo